Sio dhahabu, sio majini: tunayokosea kuhusu magofu na mashimo ya kale huku kwetu

Juzi nilikuwa kwa matatu natoka Nakuru naelekea Gilgil, tukapita pale Hyrax Hill, kile kilima chenye makumbusho ya mambo ya kale, na jamaa aliyekaa nyuma yangu akamwambia mtoto wake ati kile kilima ndio Wazungu walizika dhahabu yao kabla waende. Mtoto akauliza, sasa baba mbona hatuendi kuichimba? Baba akacheka akasema kuna walinzi. Nilishuka Gilgil hayo maneno bado yananizunguka kichwani kwa sababu nimeyasikia maisha yangu yote, Nakuru nilikolelewa, Nandi kwa mjomba, na sasa Migori nilikoolewa. Kila mahali penye ukuta wa kale au shimo lisiloeleweka, watu wanasema ni hazina, ama ni majini, ama ni serikali inataka kunyakua shamba. Na hizo hadithi zinaharibu vitu ambavyo havitarudi.

Tuanze na dhahabu. Pale Hyrax Hill Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba 1937 na 1938. Alichotoa ni vigae vya vyungu, vifaa vya mawe, mifupa ya watu, na mabakuli ya mawe ambayo wanawake wa zamani sana walizikwa nayo. Sarafu chache za Kihindi nazo zilipatikana, na mimi naona pengine hizo ndizo zilizozaa hadithi ya hazina. Kilima kimelindwa kisheria tangu 1943, halafu 1965 ile nyumba ya shamba iliyokuwa hapo ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ingekuwa kuna dhahabu tungeshasikia.

Huku Migori ndio ngumu zaidi kumwelezea mtu, kwa sababu upande wa Macalder dhahabu iko kweli na vijana wanaichimba kila siku. Sasa Thimlich Ohinga, yale magofu ya maboma ya mawe, haiko mbali na hapo, kwa hivyo mtu akiona ukuta mkubwa wa mawe porini akili inakimbilia tu huko, ati kama waliujenga hivi lazima walikuwa wanaficha kitu. Walichokuwa wanaficha ni watoto wao na ng'ombe wao. Ndani ya kuta kuna alama za nyumba, maboma ya mifugo, mahali pa maghala, na mahali wahunzi walikuwa wanafua chuma. Milango ni mifupi na myembamba makusudi, adui lazima ainame ndio aingie, na mtu aliyeinama hana mkuki mkononi unaoweza kufanya kazi. Ukipita pale mwenyewe, mgongo wako unakuelewesha kabla hata mtu wa kukutembeza hajafungua mdomo.

Na mtu akichimba usiku kutafuta hazina, hata asipopata kitu na hata akirudisha udongo vizuri, ameshaharibu. Mahali pa kale udongo umelala kwa matabaka, kama chapati zilizopangwa kwa sufuria, ya chini kabisa ndiyo iliyopikwa kwanza. Jivu hapa, samadi hapa, vigae hapo juu yake, na wataalamu wanasoma kwa huo mpangilio nani alitangulia na nani akafuata. Ukishazichanganya hakuna mtu duniani atakayezipanga tena.

Halafu kuna hii ya kwamba sisi hatungeweza kujenga vile. Nimesikia ni Waarabu, nimesikia ni Wareno, nimesikia ni watu warefu waliopotea, na mama mmoja sokoni aliniapia ni majini. Ukweli ni kwamba Thimlich ilijengwa takriban karne ya 16 na wakazi wa hapa hapa, na si kabila moja tu, jamii za Kibantu na za Kiniloti zilikaa humo kwa kupokezana, kila wanaokuja wanatengeneza kuta na kuongeza zao. Hata majina ya maboma yale manne makubwa ni ya huku huku: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zinafika kati ya mita 1.5 na mita 4.5 kwenda juu, upana wastani wa mita moja, na hakuna tope wala chokaa iliyoshikanisha, ni jiwe limebana jiwe. Wanapanga uso wa nje na uso wa ndani, katikati wanajaza mawe madogo, na mlangoni wanalaza mawe marefu juu. Ni ufundi, mtu alifundishwa na mzee wake. Na wala si ukuta mmoja uliotokea kimiujiza, kusini mwa Nyanza wataalamu wamehesabu maboma ya mawe 521 katika sehemu 138. Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri zaidi, ndio maana UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018.

(Kinyume chake ni Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa kule Seme, wengine wanaamini ilijengwa na watu. Hapana, yale mawe yalijipanga hivyo yenyewe kwa kuliwa na mvua na jua miaka mingi sana. Utakatifu wake kwa watu wa pale ni jambo lingine, na naliheshimu.)

Mashimo ya Sirikwa nayo, yanayoitwa kwa jina la watu wa zamani wa nyanda za juu. Hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndiyo yanayopotea haraka kuliko yote na hakuna anayelia. Nandi, Uasin Gishu, Trans Nzoia, hadi Nakuru, unakuta shambani bonde dogo la mviringo lililoota nyasi, na watu wanasema ni kaburi la pamoja, au ni handaki la vita vya Wazungu, au ni bomu lilianguka. Mjomba wangu analo moja. Miaka mingi alitaka kulifukia apande mahindi kwa sababu trekta linahangaika kulizunguka. Siku moja tulikaa ukingoni nikamwonyesha, mjomba angalia, upande mmoja uko wazi kuelekea mteremkoni, huo ndio mlango, na hicho kichuguu kando ya mlango ni samadi na matope waliyokuwa wakitoa ndani kila wakisafisha. Hili lilikuwa boma la ng'ombe. Wenyewe walikuwa na nyumba iliyogusana nalo, na ng'ombe walilala humo usiku, mwizi asiwafikie. Watu waliishi hivyo kuanzia kama miaka 800 iliyopita. Mjomba akanyamaza kidogo akasema, ndio maana ndama wangu wanapenda kulala humu mchana, upepo hauwafikii. Tangu siku hiyo trekta linazunguka.

Sasa sheria, na hapa ndipo uoga ulipo. Watu wanadhani ukisema una kitu cha kale shambani, kesho yake serikali inakuja na waya. Ndugu zangu wengi wanafukia vitu kwa sababu ya huo uoga tu. Sheria tuliyo nayo Kenya ni ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006. Mahali pakitaka kutangazwa pa kulindwa lazima ichapishwe kwa gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi anapewa miezi miwili ya kuileta. Kutangazwa peke yake hakubadilishi jina kwa hati ya shamba. Kinachobadilika ni matumizi, unaweza kuzuiwa kuchimba, kujenga au kulima pale penyewe, na hilo sitalificha, ni mzigo kwa mtu mwenye robo ekari. Serikali ikitaka ardhi yenyewe iwe yake, hiyo ni safari nyingine na lazima ulipwe fidia.

Wengine wanashika upande wa pili: kama hapajatangazwa basi ni bure, beba. La hasha. Vitu vya kale vilivyolala juu ya ardhi au chini yake ni mali ya serikali hata kama hakuna bango lolote hapo. Kuchimbua kwa makusudi kunahitaji leseni, na ukikipata kwa bahati, labda unachimba choo ama msingi wa nyumba, una siku saba za kuarifu Makavazi ya Kitaifa, shirika la serikali linalosimamia makumbusho, useme ni wapi hasa na ulikipata vipi. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Na kuna wanaosema, si ni kijipande tu, kuna maelfu. Hii ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu wanaoifanya ni watu wazuri, watoto wa shule, wageni, hata mimi nilipokuwa mdogo. Ukienda Kariandusi pale Gilgil utaona mashoka ya mkono, yaani mawe yaliyochongwa na watu wa kale, yamelala chini vile vile yalivyopatikana, mengine ya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Kwetu Nakuru obsidiani ni jiwe la kawaida, mlima Eburru unayo tele. Sasa njoo Gogo Falls, kwa mto Kuja hapa Migori. Pale wataalamu wa mambo ya kale walichimba wakapata vipande vya obsidiani katika makao ya wafugaji wa zamani, na huku hakuna mlima unaotoa hilo jiwe. Lilitoka upande wa Naivasha na Eburru, zaidi ya kilomita 150, likapita mkono kwa mkono kabla hata ya punda kuwa jambo la kawaida. Kipande kidogo kama ukucha ndicho kinachotuambia watu wa Bonde la Ufa na watu wa ziwa walikuwa wakijuana. Lakini kinasema hivyo kikiwa Gogo. Mtoto akikiokota akakiweka mfukoni, akarudi nacho Nakuru, akakitupa nje ya nyumba, kimekuwa jiwe kama mawe mengine ya Nakuru.

Nilikuwa na kimoja kwenye kopo la biskuti tangu darasa la sita. Sikumbuki nilikiokota wapi.

Kwa hivyo ukikuta kitu usikioshe, usikisogeze. Piga picha kikiwa pale pale, weka kalamu kando yake ukubwa uonekane, halafu piga ya mbali ili mti au nyumba iingie. Andika tarehe na jina la kijiji. Michoro ya mwambani kama ya Kakapel kule Busia usiimwagie maji ati rangi ikolee kwa simu, maji yanaila. Kisha peleka habari kwa makumbusho iliyo karibu, Kisumu, Hyrax Hill, Kitale, zote ziko chini ya Makavazi, na kama huna nauli mwambie chifu apige simu mbele yako.