Kwa nini seli nyingi za kuendesha miguu ya kifaranga hufa yai likiwa bado linaatamiwa?

Kati ya siku ya 6 na ya 10 ya kuatamiwa, kifaranga asiye na ugonjwa wowote hupoteza takriban asilimia 40 ya seli za neva za uti wa mgongo zinazoamuru misuli ya miguu. Ukisikia seli za neva zinakufa, akili hukimbilia kupooza. Hapa asiyezipoteza ndiye wa kushangaza.

Viktor Hamburger, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikata chipukizi la bawa la kiinitete cha kuku, akakuta uti wa mgongo upande huo una seli chache. Mwaka 1934 akaeleza kwamba kiungo ndicho huita seli changa zigeuke kuwa neva. Maelezo yananoga. Tatizo ni kwamba si kweli.

Chukua jengo na vibarua. Kwa Hamburger, mwenye jengo hutuma watu kijijini kuwaita. Pasipo jengo, haitwi mtu. Rita Levi-Montalcini, aliyefukuzwa chuoni na sheria za ubaguzi za Mussolini za 1938, alirudia jaribio hilo chumbani kwake Turin, kwa sindano za kushonea alizozinoa mwenyewe (mayai yaliyobaki yaliliwa). Alizifuatilia seli tangu mapema. Zilikuwepo; zikafa baadaye. Yaani vibarua hufika getini alfajiri, wengi kuliko kazi, na chakula hupikiwa waliopata kazi tu. Mpishi ni msuli. Hamburger alikubali kosa lake, na mwaka 1976 yeye na mwenzake wakaonyesha kwamba kifaranga akipachikwa mguu wa ziada, seli nyingi zaidi huokoka. Jengo la pili halikuzaa vibarua wapya. Waliokuwa waondoke na njaa ndio walioajiriwa.

Mfano huu unachechemea mahali pamoja: misuli ikilemazwa kwa sumu ya kurare, vifo hupungua sana, kana kwamba jengo ambalo kazi yake imesimamishwa ndilo linalolisha wengi. Sababu bado inabishaniwa.

Chakula chenyewe nacho ni kisa. Kile kilichompa Levi-Montalcini tuzo ya Nobel ya 1986, pamoja na Stanley Cohen, ni protini iitwayo NGF, nayo hulisha hasa neva za hisia na za simpathetiki (zinazoendesha moyo na viungo vingine vya ndani). Neva za misuli hutegemea vingine kadhaa, na hakuna kimoja kinachozitosha zote. Viwili kati ya hivyo, CNTF na BDNF, vilijaribiwa miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa ALS, maradhi ya kupooza ambamo neva hizohizo huwafia ukubwani. Havikuuzuia ugonjwa.