Hasira, au ni arosto?

Mwendesha boda mmoja wa Kondele, Kisumu, huja kwangu kila Jumatano, helmeti mkononi. Siku ya kwanza nilimuuliza: ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Akacheka. "Daktari, hata viatu sijavaa." (Mimi ni mshauri nasaha tu, ila nimechoka kumsahihisha.) Kipimo cha Fagerström, kinachopima uraibu wa nikotini, kina maswali 6 na alama 0 hadi 10. Anayewasha ndani ya dakika 5 tangu aamke huzoa alama 3 hapo hapo. Yeye alipata 8.

Swali lililonishughulisha halimo kwenye kipimo. Ulihisi nini kabla ya kuwasha ile ya mwisho? "Nilisikia tu kuvuta." Abiria alikuwa amekataa kumlipa shilingi 50. Je, ilikuwa hasira? Aibu, maana wenzake stejini walikuwa wakitazama? Njaa? Kwake yote huitwa fegi.

Uwezo wa kuyatofautisha hayo, wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliuandikia mwaka 1990 wakauita akili hisia: kutambua hisia, zako na za mwenzako, na kuziongoza. Tafiti nyingi zimeona kwamba wenye upungufu wa akili hiyo huelekea zaidi kuvuta. Sisemi ndio chanzo. Nawajua watu watulivu, wenye busara zao, na pakiti haiwatoki mfukoni.

Nikotini hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20 hivi. Baada ya kama saa 2, nusu yake imeshatoka damuni. Hapo arosto, ile kiu ya nikotini, huanza: kero, wasiwasi, mtu hatulii. Asiyezoea kuchambua yaliyo moyoni humlaumu abiria, mke, hata mvua. Akivuta, kero inapoa, naye anaapa kwamba sigara ni dawa ya stresi.

Nikampa kazi. Kabla ya kuwasha, andika neno moja nyuma ya pakiti, ila "stresi" ni marufuku. Aliandika kwa Kijaluo, nami nikafurahi, kwani hisia huja kwanza kwa lugha ya nyumbani. Kech, njaa, mara tatu. Mirima, hasira. Wichkuot, aibu, mara moja tu, herufi ndogo kabisa.

Maneno hayo hayatoshi. Siku 2 au 3 za mwanzo za kuacha huwa kali, na mwenye alama 8 nampendekezea pia chingamu ya nikotini. Lakini zile tatu za njaa sasa anazijibu kwa chapati na maharagwe. Ya saa nne usiku aliyoandika "sijui", tutaizungumza Jumatano.