Pedi za Kwanza za Binti Yako: Tuanze na Ratiba Yake ya Siku

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wanaoleta mabinti wao kliniki ni fupi: "Nesi, nimnunulie pedi ipi?" Mimi ni muuguzi mkunga, nahudumia vijana balehe hapa Tanga, na nimezoea kulijibu swali hilo kwa kuuliza jingine: binti huondoka nyumbani saa ngapi, na hurudi saa ngapi? Mama mmoja alinieleza kwamba mwanawe hutoka saa kumi na mbili asubuhi, hukaa shuleni hadi saa nane mchana, hupita nyumbani kula, kisha huenda madrasa mpaka karibu na magharibi. Tulipofika hapo jibu lilikuwa limeshaanza kuonekana, kwa sababu pedi huchaguliwa kwa kuhesabu saa ambazo mtoto atakuwa mbali na choo chenye mlango unaofungwa na maji ya kunawa.

Mwili wenyewe hutoa taarifa mapema. Matiti huanza kuota takriban miaka miwili hadi mitatu kabla ya hedhi ya kwanza, na inapobaki kama miezi 6 hadi 12, chupi huanza kuwa na ute mweupe au wa manjano hafifu usio na harufu mbaya. Ute huo ukionekana, huo ndio wakati wa kununua pakiti ya kwanza, kuifungua pamoja naye na kumwonyesha namna ya kuitumia, badala ya kusubiri siku atakayotoka chooni analia. Zamani hapa pwani kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi, ambaye alimfunda mwari namna ya kukunja kitambaa, kukifunga na kukifua. Siku hizi mabinti wengi hawana somo, na kazi imemwangukia mama, shangazi au bibi, na mara nyingine baba anayelea peke yake, ambaye nampokea kwa moyo wote kila anapobisha hodi.

Wazazi wengi huhofia wingi wa damu, na hofu hiyo huwapeleka moja kwa moja kwenye pedi kubwa kuliko zote dukani. Ukweli ni kwamba hedhi ya kawaida, kwa siku zake zote, hutoa damu ya mililita 30 hadi 40 hivi, yaani vijiko vikubwa viwili au vitatu vya mezani, na hedhi za mwanzo mara nyingi ni madoa ya rangi ya kahawia tu kwa siku mbili tatu. Nami nilikosea hapo hapo. Binti yangu alipovunja ungo akiwa na miaka 12, nilimpa pedi nene za usiku nikidhani namlinda. Alivaa moja tangu asubuhi mpaka jioni kwa kuwa aliamini kwamba pedi hubadilishwa ikijaa, na alirudi akiwa na michubuko mapajani kwa joto na jasho la Machi. Nilikuwa nimemnunulia pedi bila kumwambia kwamba hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama imeingia tone moja tu. Tangu siku hiyo, hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila binti anayekaa mbele yangu.

Kliniki nina meza ndogo ambayo juu yake hupanga pedi za aina tatu, bomba la sindano lisilo na sindano, na karatasi laini. Binti mwenyewe huvuta mililita 10 za maji, huyamimina polepole katikati ya pedi, husubiri dakika moja, kisha hubonyeza juu yake kwa karatasi. Ikitoka kavu, uso wa pedi hiyo hautamkera sana ngozi. Ikitoka imelowa, atahisi unyevu mchana kutwa. Maji ni mepesi kuliko damu ya hedhi, kwa hiyo jaribio hili halisemi pedi itabeba damu kiasi gani, lakini kuhusu unyevu wa juu linasema wazi. Baadaye tunaipasua pedi iliyolowa kwa mkasi. Ndani kuna nyuzinyuzi kama pamba na chembechembe ndogo ambazo zimefyonza maji na kugeuka jeli. Nimeona mabinti waliokuja wameinamisha vichwa wakiishika ile jeli kwa vidole na kuanza kuuliza maswali, na ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Kwa binti anayeanza napendekeza pedi nyembamba, ya urefu wa sentimita 24 hivi kwa mchana, yenye mabawa (vile vipande vya pembeni vinavyoshika chupi), isiyo na manukato, na ambayo uso wake ni laini kama kitambaa. Ya usiku iwe ndefu zaidi, kwa kuwa akilala damu huelekea nyuma. Mabawa yanahitaji maelezo, kwani mtoto ambaye hajawahi kuonyeshwa huyakunja juu, upande wa ngozi, yakamkwaruza. Tandaza chupi mezani, bandua karatasi ya nyuma, kandamiza pedi katikati, kisha kunja mabawa chini ya chupi. Halafu mwache arudie mwenyewe mara mbili tatu. Chupi nayo ina uzito wake katika jambo hili. Pedi nzuri kwenye chupi iliyolegea mpira itasogea tu, naye atachafua sketi, halafu lawama iende kwa pedi. Fedha ikiwa haba, ningependa inunue kwanza chupi tatu za pamba zinazomkaa sawasawa, kisha pedi za bei ya kawaida.

Manukato nayakataa kwa sababu huweza kuwasha na kuleta vipele mahali ambapo ngozi ni nyororo. Harufu inayowatia mabinti hofu hutokana na damu iliyokaa kwenye hewa na jasho, na dawa yake ni kubadilisha pedi kwa wakati na kuosha sehemu za nje kwa maji safi.

Kuhusu gharama, fanya hesabu ya wazi: siku 5, pedi 4 kwa siku, ni pedi 20. Pakiti nyingi zina pedi 8 au 10, kwa hiyo ni pakiti mbili au tatu kila mwezi, nyumba yenye mabinti wawili mara mbili yake. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004. Hapa Tanzania tuliiondoa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Nasikitika kila ninapomwona binti anayevaa pedi moja kutwa nzima kwa sababu ya kubana matumizi, na kwa familia kama hiyo pedi za kitambaa zinazofuliwa ni chaguo la heshima kabisa. Zinahitaji maji baridi kwanza, maana maji ya moto hugandisha doa, kisha sabuni, na baada ya hapo jua kamili. Tatizo ninalokutana nalo ni aibu: pedi hufichwa chini ya godoro au nyuma ya mlango, na kwa unyevu wa pwani hubaki na ukungu. Mpangie binti kamba yake mahali penye jua, na wakati wa masika apige pasi mpaka kitambaa kikauke ndani. Wengi hutumia za kitambaa nyumbani na za kutupa shuleni, na ratiba ya siku ndiyo inayoamua wapi ipi.

Tamponi, yaani kipande cha pamba kinachoingizwa ukeni kufyonza damu, sishauri kwa mwezi wa kwanza, kwani mtoto bado anajifunza kuujua mwili wake, na tamponi haitakiwi kuzidi saa 8 ndani. Mwaka 1980 kule Marekani, aina moja yenye kufyonza sana ilihusishwa na ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria na ikaondolewa sokoni. Kikombe cha hedhi, kikombe kidogo laini kinachowekwa ukeni kukinga damu, hukaa hadi saa 12, na wasichana wa shule wa Kaunti ya Siaya nchini Kenya wamekitumia katika utafiti bila madhara hayo kuonekana. Hata hivyo kinahitaji mikono safi, sufuria ya kukichemshia na faragha, hivyo nakiweka kwa baadaye, binti mwenyewe akikitaka.

Kwenye mkoba wa shule weka kifuko cha kitambaa, si nailoni inayopiga kelele darasani. Ndani kiwe na pedi mbili, chupi moja safi, na karatasi ya kufungia pedi iliyotumika, ambayo huenda kwenye pipa na kamwe si kwenye choo cha maji, kwa kuwa ile jeli huvimba na kuziba bomba.

Mpe pia daftari dogo la kuandika tarehe na idadi ya pedi. Katika miaka ya mwanzo mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, kwa hiyo mwezi kuruka usikutie wasiwasi wala shaka juu ya mwenendo wake. Lakini akilowesha pedi nzima kila saa moja au mbili kwa saa kadhaa, akitoka damu zaidi ya siku 7, au akiwa na kizunguzungu, mlete hospitali, kwani wapo mabinti ambao tatizo la damu kutoganda vizuri hugunduliwa kwa mara ya kwanza wanapovunja ungo. Na mnapokuja, njooni na lile daftari.