Ozoni kwanza, mkaa baadaye

Mwenye karakana moja ya kutia nguo rangi hapa Nakuru aliniinulia glasi ya maji juani. "Injinia, hebu ona. Hata wewe unaweza kunywa." Asubuhi maji hayo yalikuwa ya buluu kama wino, yalikaa kwenye mtambo wake mpya wa ozoni kwa muda usiofika nusu saa. Sikunywa. Nilijaza chupa mbili, nikaenda maabara.

Rangi ilikuwa imekwisha, lakini COD ilikuwa imeshuka kidogo tu. Hicho ni kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wa majini kwa kemikali, na kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Yake yalikuwa mbali sana.

Rangi nyingi za pamba ni za jamii ya azo: zina atomi mbili za nitrojeni zilizoshikana, na kiungo hicho kina sehemu kubwa katika wekundu au ubuluu tunaouona. Sehemu ya rangi haishiki kwenye nyuzi, huishia mtaroni. Bakteria wa bwawa lenye hewa hawaiwezi. Imetengenezwa isichujuke kwa sabuni wala jua; bwawa litaifanya nini?

Ozoni hukikata kiungo hicho. Ni oksijeni ya atomi tatu, ile harufu kali unayoisikia radi ikipiga karibu. Haikai mtungini, hutengenezwa papo hapo kwa umeme wa volti nyingi. Kwenye maji yenye alkali huvunjika na kuzaa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli visivyotulia, ambazo ni kali kuliko yenyewe. Kinachoudhi ni kwamba magadi ya kutilia rangi, yanayoleta alkali hiyo, huzinyang'anya radikali kabla hazijafika kwenye uchafu.

Ila kukata si kuondoa. Ukipasua gogo, kuni bado ziko uani. Vipande vya rangi havionekani tena, basi, na ndivyo vilivyonipa COD ile.

Hapo ndipo unapoingia mkaa ulioamilishwa, mara nyingi wa vifuu vya nazi. Gramu moja ina takriban mita 1,000 za mraba za uso ndani ya vitundu vyake, kwa hiyo kijiko cha mezani, ukikikunjua chote, hufunika uwanja wa mpira. Vipande hunasa humo. Kisha bakteria huota juu ya chembe za mkaa na kuvila, maana sasa ni vidogo na ozoni imeacha oksijeni tele majini. Mkaa hukaa muda mrefu zaidi bila kubadilishwa.

Kuna wanaotanguliza mkaa. Molekuli kubwa za rangi huziba vitundu upesi, nao mkaa si bei rahisi. Kosa jingine ni kuunganisha mitambo hiyo miwili moja kwa moja: weka tangi katikati ozoni iliyobaki ifie humo, la sivyo itautafuna mkaa na kuua bakteria. Wala usiipeleke ozoni kwenye wanga uliopakwa nyuzi kabla ya kufumwa, hiyo ni kazi ya bakteria kwa bei ya chini.

Tangi la ozoni, mwenye karakana alikuwa amelifunika kwa turubai tu. Vijana walikuwa wakikohoa. Ozoni huwasha mapafu hata ikiwa sehemu moja kwa milioni ya hewa, na jambo hili silifanyii mzaha: gesi inayotoka lazima iharibiwe kabla ya kuachiliwa. Kazi ilisimama siku hiyo hiyo.

"Na chumvi?" akaniuliza wiki iliyofuata. Swali zuri, maana rangi hizi hutiwa kwa chumvi nyingi ili zishike pamba. Ozoni haiigusi, mkaa hauigusi, na watu hunyunyizia sukuma wiki maji ya mto kabla hayajafika Ziwa Nakuru. Vichujio vya utando, vinavyoweza kuizuia, vingemfilisi. Tuliamua kuyatenga maji ya beseni la kwanza, lile la kutilia rangi, ambamo chumvi ni nyingi kupita kote, tukayapitisha kwenye ozoni na mkaa, kisha tukayarudisha na chumvi yake kutia rangi nyeusi.