4,294,967,297 si namba tasa, jamani

"Mwalimu, hii ni tasa. Nimeigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, imekataa." Nimechoka kuisikia hii. Ni kweli imekataa, lakini namba ya tarakimu kumi haihukumiwi kwa vigawo sita. Ukishikilia njia ya kugawa tu, huna budi kwenda hadi kipeuo chake cha pili, na chini ya 65,536 kuna namba tasa 6,542. Haya, endelea.

Mwingine huja na jina kubwa: "Lakini Fermat alisema!" Alisema, ndiyo. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba ukichukua 2, ukaipa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo, kisha ukajumlisha 1, utapata tasa kila mara. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa kweli. Inayofuata ni hii yetu, 2³² + 1, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaivunja: 641 × 6,700,417.

Wala haihitaji kugawa mara elfu sita. Kigawo tasa chochote cha 2³² + 1 lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 64. Chuja kwa sharti hilo: 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu, umemaliza.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wanaujua hadi wanaucheka: weka kikokotoo chini, andika namba kwa vipeo. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na ni 5⁴ + 2⁴ vilevile. Kwa hesabu ya mabaki ya 641, yaani ukiangalia tu kinachobaki ukigawa kwa 641, basi, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Lakini 5⁴ ni −2⁴. Badilisha, unapata −2³² sawa na 1, yaani 2³² + 1 haibakishi kitu. Hakuna kugawa hata mara moja!

"Imefaulu jaribio la Fermat kwa msingi wa 2." Jaribio hilo huipa 2 kipeo cha namba yako ukitoa 1, kisha hugawa kwa namba yenyewe: ikiwa tasa, hubaki 1. Namba zote za umbo hili hufaulu hapo. Tumia msingi wa 3, itaanguka.

"Kubwa hivi, lazima ina vigawo vingi." Ina vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. 60 inavyo kumi na viwili.

"Programu yangu inasema ni 1." Umeihifadhi kwenye biti 32, ikafurika: ilipofika 2³² ilianza tena sifuri. Panua nafasi.

"Umbo la pande 4,294,967,297 huchorwa kwa rula na bikari." Umekosea kwa pande mbili. La pande sawa 4,294,967,295 ndilo linalowezekana, angalau kinadharia, maana namba hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537: tasa tofauti ambazo kila moja ukiitoa 1 unabaki na kipeo cha 2 (2, 4, 16, 256, 65,536), na hilo ndilo sharti. Letu linakwamishwa na 641: ukiitoa 1 unabaki na 640, ambayo si kipeo cha 2.