Pampu ya mafuta inavyosingiziwa

Korosho zilikuwa zimeanza kushuka, barabara imejaa malori, Corolla yangu 110 ikazimika kwenye mlima wa kupandia Newala ukitokea Masasi. Fundi aliyeletwa na bodaboda hata boneti hakufungua. Alinisikiliza nikipiga stata mara mbili, akatikisa kichwa: "Bosi, pampu imekufa hiyo." Nikanunua pampu. Gari likawaka. Siku ya nne likanizimikia tena, safari hii Mnazi Mmoja, pale njia za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana.

Kumbe ni waya wa ethi (hasi) wa pampu, umeliwa na kutu hadi umebaki nyuzi mbili tatu. Siku ile ya mlimani, kuushikashika tu wakati wa kufunga pampu mpya kuliufanya uguse. Pampu ya zamani bado nilikuwa nayo kwenye buti. Tukairudisha, na imo ndani ya tangi hadi leo. Ile mpya ndiyo akiba yangu. Kwetu huku pwani, kuanzia Lindi mjini hadi Mikindani, hewa ya chumvi inakula maungio ya nyaya kimyakimya, na anayebebeshwa lawama ni pampu. Haya ndiyo yanayosemwa mitaani kuihusu, na ukweli wake.

"Ukiwasha swichi usiposikia mlio, imekufa"

Hii ndiyo inayonunuisha watu pampu bure kuliko zote. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazizungushi pampu kwa kuwasha swichi peke yake. Rilei yake, yaani swichi ndogo inayojiwasha kwa umeme, huipa umeme pale unapopiga stata, kisha injini ikishaanza kuzunguka yenyewe. Ukimya wa swichi ni hali yake ya kawaida.

Njia ya kuipima ipo, na ni ya bure. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, soma herufi zilizo kwa ndani, tafuta matundu ya +B na FP, yaunganishe kwa kipande kifupi cha waya, halafu washa swichi bila kupiga stata. Angalia vizuri usikosee tundu. Mtu mwingine atege sikio kwenye mdomo wa tangi. Pampu ikivuma hapo, lakini ukipiga stata kawaida haivumi, mgonjwa wako ni rilei au kinachoiamuru rilei. Isipovuma, angalia fyuzi, kisha weka mita kwenye plagi ya pampu yenyewe. Umeme unaofika pale unatakiwa ukaribie ule wa betri. Ukikuta volti 9 wakati betri ina 12, usiguse pampu. Fuata waya, na anza na ethi.

"Inavuma, basi ni nzima"

Kuvuma ni mota tu. Injini inataka presha, na presha haisikiki kwa sikio. Kwenye injini za EFI (zinazopuliziwa petroli kwa presha) za umri huo, geji ya kupimia presha ikifungwa kwenye njia ya mafuta na mpira wa vakyumu wa regyuleta, kile kinachodhibiti presha, ukachomolewa, inatakiwa isome kama psi 38 hadi 44. Pampu iliyochoka inaweza kukupa psi 40 ukiwa umesimama, halafu ikaanguka kilimani ukikanyaga. Ndiyo maana gari linakwenda vizuri tambarare ya Mtwara mjini, likikutana na mlima linakohoa. Lakini filta iliyoziba hufanya hivyo hivyo, na ni ya bei ndogo. Badilisha filta kwanza. Fundi asiye na geji anabahatisha, hata kama ana miaka 20 gereji.

"Tangi likijaa, pampu inaelemewa"

Kinyume chake. Pampu iliyomo ndani ya tangi inapozwa na kulainishwa na petroli yenyewe inayoizunguka. Anayeishi na taa ya mafuta ikiwaka, wa buku tano tano, ndiye anayeichemsha. Ongeza petroli ya kwenye chupa na madumu inayouzwa vijijini, yenye maji na mchanga, uone ile soksi ya chujio chini ya pampu itakavyokuwa. Yangu ilitoka nyeusi kama kitambaa cha kufutia sufuria.

"Gonga tangi litawaka"

Kweli, wakati mwingine linawaka. Kaboni za mota zikilika, mtikisiko huzifanya ziguse tena. Hapo umejua ugonjwa, hujautibu. Gonga kwa mpira au mti, ufike nyumbani, ununue pampu. Huyu wako kweli amekufa.

"Pampu kubwa, gari jepesi"

Hapana. Mafuta ya ziada yanarudishwa tangini na regyuleta.

Na wenye Hilux za dizeli za zamani, zenye injini ziitwazo 2L na 3L, msikubali kuuziwa pampu ya tangi: hazina. Pampu yao ya kupulizia ndiyo inayovuta mafuta, na likikata moto angalia kama mpira umepasuka unanyonya hewa, kisha pampu ya mkono juu ya filta.

Ikithibitika ni pampu, kwenye Corolla nyingi unanyanyua siti ya nyuma, unakuta kifuniko, tangi halishushwi. Fanyia nje, tangi likiwa na mafuta kidogo, sigara na simu mbali. Chomoa plagi ya pampu injini ikiwa inanguruma hadi ijizime, ili presha iishe, ndipo utoe hasi ya betri. Soksi iwe mpya na mpira wa kifuniko uwe mpya. Kile kipande kifupi cha mpira kinachounganisha pampu na bomba kiwe cha kuzamishwa kwenye mafuta. Mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kubeba mafuta kwa ndani tu, ukizama unavimba na kupasuka, na presha inaishia tangini. Ukikosea chanya na hasi, pampu itazunguka kinyume, itavuma vizuri, na gari halitawaka.

Ukimaliza, liache lingurume dakika 10, pitisha karatasi kavu kuzunguka kifuniko. Ikitoka na unyevu, siti isirudi.