MP3 kuibadili iwe FLAC haiongezi ubora

Wadau wa Mbeya, hii ya kuchukua MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde ulizojaziwa kwenye flashi pale Mwanjelwa halafu unazibadili ziwe FLAC (aina ya faili la muziki lisilotupa sauti yoyote) eti sabufa ya sebuleni itapiga safi zaidi, hapana aisee. MP3 ikitengenezwa inatupa jumla sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi, unachopata ni faili kubwa tu na flashi inajaa fasta. Sikilizia matoazi ya dramu kwenye 128, yanasikika kama yako chini ya maji, ukibadili yanabaki vilevile. FLAC ya kweli itoe kwenye CD orijino, ile inabeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ila sabufa nyingi za bei chee hazisomi FLAC, we jaribu wimbo mmoja kwanza.